Mikono Mipya ya Marehemu Qiao Shouyi (1963–2023)

Ndugu wa ukoo wa Qiao, majirani wa Qiaojiawa, nanyi wanafunzi wa ukoo wa Meng mliosimama huko ukutani: mimi ni Guixiang, dada wa marehemu. Wifi yangu Cuiping ameniomba nisome mimi, kwa kuwa yeye sauti imemkauka. Ameniomba pia nisifiche kitu. "Wamekuja na theluji yote hii," aliniambia jana, "wasiondoke na nusu ya mtu."

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1963 katika kijiji hiki hiki, wilaya ya Cang, mkoa wa Hebei, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Qiao Deshun na Mama Fu Xiulian. Kwetu husemwa usimwogope bundi akilia, mwogope akicheka. Siku aliyozaliwa, bibi yetu mzaa baba alitoka chumbani kwa mzazi akasema amemsikia bundi juu ya paa, naye alikuwa anacheka. Mama, jasho la uchungu halijamkauka, alimjibu kutoka kitandani, "Huyo si bundi, mama. Ni jogoo wa jirani ana kikohozi." Watu wakaangua kicheko. Bibi hakucheka. Miaka yote, kila kaka aliporudi nyumbani na damu puani, bibi aliinua macho akatazama paa kwanza, ndipo akamtazama mjukuu wake.

Alianza shule ya msingi ya kijiji mwaka 1970. Masomo hayakumpenda, wala yeye hakuyapenda. Majira ya baridi ya mwaka 1975 mwalimu wa michezo, Bwana Yin, alimkuta juu ya barafu ya kidimbwi akipigana na wavulana watatu wa kijiji cha pili. Wale watatu walikuwa wanateleza na kuanguka. Kaka alikuwa amesimama. Mwalimu akaja nyumbani akamwambia baba, "Mzee, mtoto wako ana miguu ya punda." Baba alidhani anatukanwa, ikabidi mama aingilie kati. Mwezi Septemba 1976 akapelekwa shule ya michezo mjini Cangzhou. Huko alianzia mieleka, kisha ndondi za mateke zilipoanza kufundishwa. Alimaliza mwaka 1982, na mwaka uliofuata akachukuliwa na timu ya mkoa, mjini Shijiazhuang.

Alipigana hadi mwaka 1994. Wengi wenu mnamkumbuka kwa jina la Kichwa cha Chuma. Mabondia wenzake walijifunza kukwepa, yeye alijifunza kuingia. Aliikubali ngumi ya kichwa, hata mbili, ili afike karibu na kuachia yake ya kuzunguka, ile ya mkono wa kulia, na ikishatua mechi ilikuwa imekwisha. Mwaka 1989 alipata medali ya fedha ya mkoa, na mwaka 1991 ya dhahabu. Makocha walimpigia makofi. Sisi nyumbani tulimchinjia kondoo. Hakuna aliyeuliza zile ngumi alizozipokea zilikuwa zinakwenda wapi.

Tarehe 1 Mei 1988 alimwoa Geng Cuiping, binti wa mwenye mkahawa wa mikate ya nyama ya punda karibu na kambi ya timu. Walivyoanza kuzungumza ni hivi. Kaka aliingia mkahawani siku moja, uso umevimba kama boga, akaagiza mkate, lakini taya likakataa kutafuna. Cuiping akasimama mezani kwake.

"Umeangukia wapi?"

"Sijaanguka. Nimeshinda."

"Wewe umeshinda? Basi aliyeshindwa yuko mochwari?"

Akaondoka, akarudi na bakuli la supu na ile nyama imekatwakatwa laini kama ya mtoto. Kaka alisema alikula akiona aibu mpaka chini ya bakuli, na kesho yake akarudi. Walijaliwa binti mmoja, Wan, aliyezaliwa mwaka 1990. Mwaka 1994 wakahamia Tianjin, ambako kaka alikuwa kocha wa klabu ya watu binafsi hadi mwaka 2009. Vijana aliowalea pale ni wengi, na baadhi yao nawaona hapa.

Sasa nifike mahali ambapo Cuiping hataki niparuke.

Kaka alikuwa na rafiki wa timu, Shi Dacheng, ambaye walilala chumba kimoja miaka mingi. Dacheng naye alikuwa mtu wa kupokea ngumi. Kuanzia mwaka 2006 akili yake ilianza kumtoka. Alikuwa akipotea njia, na watoto wake akiwaita majina ya watu waliokufa zamani. Lakini alikuwa mpole, na mkewe alimtunza. Vuli ya mwaka 2008 kaka alikwenda kuwasalimia. Walikuwa wanajiandaa kutoka wote watatu, na mke wa Dacheng akainama kumfunga mumewe vifungo vya koti. Dacheng aliona mtu amemjia mbele, mikono karibu na shingo yake. Ngumi ikatoka. Kaka alisema haikuwa ngumi ya mtu mgonjwa. Ilikuwa safi, imepimwa, nyonga imezunguka vizuri, kama ya siku zile. Taya la yule mama lilivunjika pande mbili. Naye Dacheng akasimama juu yake, anamtazama, anauliza kwa upole, "Huyu mama amepatwa na nini?"

Kaka alirudi Tianjin, jambo hilo akamficha mkewe. Cuiping anakumbuka kwamba wiki ile alianza kutazama mikono yake mezani, kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani asiyemwamini.

Kisha yakaanza kwake. Alitia chumvi kwenye supu, akatia tena, akatia tena. Akaenda soko alilolizoea akaletwa na polisi. Mwaka 2010 alikwenda peke yake hospitali moja mjini, akaambiwa ni yale mapigo ya ujana. Kitu kinaula ubongo polepole na hakuna wa kukizuia. Hakumwambia mkewe. Alisema amechoka na jiji, anataka kurudi kijijini na kujifunza kungfu kwa ajili ya afya.

Tulimcheka. Mtu wa medali ya dhahabu, umri wa miaka arobaini na sita, aanze upya kama mtoto? Na kwa nani? Kwa Meng Yanqiu wa kijiji cha pili, msichana wa miaka ishirini na tisa aliyerithi uwanja wa baba yake! Mimi mwenyewe nilimwambia, "Kaka, huyo ulimwona anabebwa mgongoni." Akanijibu, "Ndiyo. Na baba yake nilimwita mcheza ngoma. Bora nimuombe radhi binti."

Mwalimu Meng yupo hapa, na ameniruhusu niseme yaliyotokea siku ile ya kwanza, mwezi Juni 2010. Kaka alifika na chai na matunda, kama desturi inavyotaka. Mwalimu akamwambia asimame tu, magoti yamekunjwa, mikono imening'inia. Wanafunzi wengine wakaendelea na mazoezi yao. Kaka akasimama pale mpaka jasho likamshuka, na ua la mkunazi likamwangukia begani. Mwalimu akapita, akanyoosha mkono kulipangusa.

Ngumi ya kulia ikatoka yenyewe.

Ilimpitia Mwalimu sikioni, ikagonga shina la mti, na gamba la mti likapasuka. Damu ikamtiririka Mwalimu shingoni. Kaka akatazama ngumi yake, akapiga magoti.

"Hiki ndicho kilichonileta," alisema.

Akamweleza yote, ya Dacheng, ya daktari, ya chumvi. "Sitaki unifundishe kupigana. Kupigana najua, na ndiko kunakonitisha. Akili inaondoka, Mwalimu. Siku ikishaondoka, itabaki mikono peke yake ndani ya nyumba na mke wangu. Nataka mikono mingine kabla siku hiyo haijafika."

Mwalimu Meng alikuwa ameshika sikio kwa leso. Hakumfariji. Alimwambia, "Ngumi yako imekaa mwilini mwako zaidi ya miaka thelathini. Ndiyo mwenye nyumba. Cha kwangu kitaingia kama mgeni. Na nyumba ikishika moto, Kaka Qiao, mgeni ndiye wa kwanza kutoka."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Sijasema hivyo. Nimesema sijui. Kesho uje mapema, na hizo medali usizivae."

"Sikuzivaa."

"Umezivaa. Tazama unavyosimama."

Hivyo ndivyo marehemu alivyoanza kungfu. Ninyi mliokuwa naye mnajua kwamba alikuwa mwanafunzi mbaya kuliko wote. Aliyekuja bila kujua kitu alijazwa, lakini yeye kwanza ilibidi amwagwe. Kungfu ya ukoo wa Meng inaanza na kupokea. Mkono wa mtu ukija, mkono wako unakwenda kuulaki, unaushika kama unavyoshika yai, unauzungusha na kuuteremsha. Kaka alikuwa anaupokea vizuri, halafu mkono wa pili unafuata na ngumi. Kila mara. Alitokwa na machozi ya hasira, nikayaona.

Na kwa kuwa ukubwa uwanjani ni wa aliyetangulia kuingia, dada yake mkubwa akawa Xing Lili, msusi wa mjini, binti wa miaka ishirini na mbili. Lili hakumwonea huruma.

"Mdogo wangu Qiao," alikuwa akimwambia mbele ya watu, "hata bata wa mama wanasimama vizuri kuliko wewe. Na wale tunawala mwaka mpya."

"Ndiyo, dada mkubwa."

"Usiniambie ndiyo. Shusha mabega. Hayo siyo mabega, ni pembe za ng'ombe."

Siku moja kaka aliingia saluni ya Lili kunyolewa, wanawake wamejaa, naye akainama mpaka kiunoni na kusema, "Shikamoo, dada mkubwa." Wanawake walicheka hadi mmoja akaungua sikio kwa chuma cha kunyooshea nywele. Lili hakucheka. Alimkalisha, akamfunika shuka, na alipokuwa anamnyoa akamgusa bega kutoka nyuma, ghafla. Kaka akaruka. Kikombe cha chai kikavunjika ukutani.

"Bado," Lili akasema taratibu, akaendelea kunyoa.

Hiyo ilikuwa amri ya Mwalimu. Wanafunzi wote walitakiwa kumgusa bega kaka wakati asioutarajia: sokoni, mlangoni, akiwa anakula, akiwa amesinzia juani. Kijiji kilidhani ni mchezo. Watoto wakauiga mpaka Mwalimu akawakataza kwa ukali ambao hakuna aliyeuelewa. Na sisi tulioshuhudia tuliona kitu kilichotufanya tucheke kidogo kidogo kadiri miezi ilivyokwenda. Kila alipoguswa, kabla ya kujua ni nani, uso wake ulikuwa unakuwa uso wa mtu mwingine. Kisha kaka alikuwa anarudi.

Nyumbani nako kulikuwa kunafuka. Alihamia chumba cha nje, akalala peke yake na mlango ameufunga kwa ndani. Cuiping alivumilia hadi majira ya kiangazi ya mwaka 2012. Siku hiyo tulikuwa tunakanda unga uani akamkabili mbele yangu.

"Shouyi, niambie leo. Ni huyo mwalimu wako?"

"Nini?"

"Miaka ishirini na nne nimekuosha damu usoni. Sasa unafunga mlango nisiingie. Kama kuna mwanamke, mtaje, nijue ninapikia nani."

Kaka alikaa chini kwenye kizingiti. Pale ndipo alipomwambia, na mimi nikasikia. Alipofika kwenye taya la mke wa Dacheng, Cuiping alikuwa bado ameshika donge la unga, na maji yanamdondoka viwikoni. Kisha akasema, "Kwa hiyo unalala nje ili usinipige."

"Ndiyo."

"Na ukisahau kwamba unatakiwa kulala nje?"

Cuiping akaosha mikono, akaenda chumba cha nje, akabeba mto wake na blanketi lake, akavirudisha kwenye kitanda cha matofali ambako vilikuwa siku zote. "Mimi sitaishi na mlango," alisema. Kuanzia siku ile na yeye akawa anamgusa bega.

Mwaka 2015, mwezi wa kwanza wa kalenda yetu, siku ya maonyesho ya hekaluni, alikuja Pang Lei kutoka Tianjin. Bwana Pang, najua uko hapa, na najua ulisema nisome kama ilivyokuwa. Kaka alimlea tangu akiwa na miaka kumi na mbili. Ile ngumi ya kuzunguka alimpa yeye. Sasa alikuwa na klabu yake, shingo nene, vijana wanne nyuma yake. Alimkuta kaka uwanjani amesimama kati ya wazee na wasichana, mikono inaelea polepole. Uso wake ukamwaka kwa aibu, kama aliyemkuta baba yake anaomba sadaka.

"Kocha, ni kweli? Kichwa cha Chuma anacheza na vipepeo?"

"Karibu, Lei. Umekula?"

"Sijaja kula. Huko Tianjin wananiuliza kocha wangu ana nini, mimi nawaambia uongo. Hebu panda tucheze kidogo. Nionyeshe hiyo kungfu inayozidi ulichonifundisha."

Kaka akakataa. Pang akamgeukia Mwalimu Meng. "Basi mwalimu wake. Au naye anapanga foleni ya mkunga?" Mwalimu alikuwa na mimba ya miezi saba. Alivua koti lake akamkabidhi Lili, na sote tukaona kwamba atakwenda. Kaka akatangulia.

Mwalimu alimshika mkono. "Kichwa," alimnong'oneza. "Usiguswe kichwa."

Walizunguka. Watu wa maonyesho wakajazana, na ngoma ya simba ikakoma kule nje. Pang alijaribu teke, kaka akalipokea na kuliteremsha. Akajaribu tena. Kisha nikaona macho ya kaka yanapoa, kama taa inavyofifia umeme ukipungua. Pang hakuona. Akaingia na ile ngumi ya kulia, ile ile, nayo ikamparuza kaka kwenye paji la uso. Mikono ya kaka ikapanda. Karibu nami Cuiping alifumba macho.

Mikono ikaushika mkono wa Pang kama yai, ikauzungusha, ikauteremsha, na ikakaa hapo.

"Umechelewa tena, wewe," kaka akamwambia, kwa sauti ya kocha wa zamani. "Wenzako wamekwisha pasha mwili. Mama yako amepona? Nenda kazunguke uwanja, halafu uje nikufundishe vizuri. Bado unafungua kiwiko."

Mama yake Pang alikuwa amekufa tangu mwaka 2001. Pang alimtazama, akatutazama sisi, akamtazama tena. Mkono wake ulikuwa bado umeshikwa. Halafu lile jitu likaanza kukimbia, likazunguka uwanja wa ukoo wa Meng likilia kwa sauti, watu wakilipisha, kwa kuwa kocha amesema.

Sisi tulishangilia moyoni. Tulimwambia Mwalimu, "Imeingia! Mikono mipya ndiyo iliyotoka!" Mwalimu alikuwa anavaa koti lake. Alisema, "Pale hakuogopa. Alidhani ni mtoto wake. Ngojeni siku atakapoogopa."

Tukangoja. Kuanzia mwaka 2017 ugonjwa haukujificha tena. Ulimla kwa kurudi nyuma, kutoka kwa jana kwenda utotoni. Akamsahau mjukuu wake. Akasahau majina ya mikono ya kungfu, kisha mpangilio wake, kisha akasahau kwamba aliwahi kujifunza. Alimsalimia Mwalimu Meng kwa heshima kama mgeni na kumuuliza kama amepotea njia. Lakini dhahabu ya mwaka 1991 aliikumbuka raundi kwa raundi. Tulijua maana yake. Mwenye nyumba alikuwa bado ndani.

Mwezi Oktoba 2020 nilimpelekea uji wa mahindi. Alikuwa amekaa uani amenipa mgongo, nami nikaita, lakini upepo ulikuwa mkali. Nikaweka mkono begani kwake. Sikuiona. Nilisikia mfupa wa mtulinga ukikatika kabla sijasikia maumivu. Nilipozinduka, kaka alikuwa amechuchumaa pembeni yangu, ameshika kichwa changu, machozi yanamtoka.

"Guixiang, nani kakupiga? Nitajie. Nitajie nimfuate."

Nikamwambia nimeteleza.

Baada ya hapo Wan alitaka baba yake apelekwe kwenye nyumba ya wagonjwa, kwenye kitanda chenye mikanda. Ninamwelewa. Mimi nilikuwa upande wake. Cuiping alisema hapana. Mwalimu Meng naye alisema jambo moja tu: "Nilidhani kazi yangu imekwisha. Haijaisha." Akaanza kuja kila asubuhi, na theluji na mvua, mwanawe akimfuata nyuma. Alimsimamisha mtu asiyejua kwa nini anasimamishwa. Alimpa mkono, akangoja aupokee. Alipigwa ngumi mara nyingi, msimwulize ni mara ngapi. Lili alifunga saluni asubuhi akaja naye. Pang Lei alihama Tianjin akakodi chumba hapa Qiaojiawa, akawa ndiye anayesimama mbele ya kaka kwenye siku mbaya, na zile ngumi zikatua kwake. "Ni zangu," alikuwa akisema. "Mimi nazijua."

Hatukujua kama kuna kitu kinaingia. Kaka hakuwa na jina la mtu yeyote tena. Majira ya baridi haya mapafu yakashikwa, akawa hawezi kukaa, lakini mkono wa kulia ulibaki na nguvu zake, hata daktari wa wilaya aliogopa kumkaribia kumchoma sindano.

Tarehe 21 Februari 2023, asubuhi, alikuwa anahema kwa shida na macho yamemtoka. Sijawahi kuona mtu ameogopa vile. Alikuwa hamjui yeyote kati yetu, na hewa inamkimbia. Jasho lilikuwa limemlowesha, na Cuiping akachukua kitambaa cha maji ya moto. Mwalimu Meng alikuwa mlangoni. Akasema, "Wifi, subiri. Hii ndiyo siku yenyewe." Pang akasogea aingie kati. Cuiping akamsukuma kwa kiwiko.

"Nimekwambia siishi na mlango," alisema, na sijui alimwambia nani.

Akainama, mikono yake yote miwili ikaenda shingoni kwa kaka kumfungua kifungo cha juu.

Mkono wa kulia ukaruka. Niliona ngumi imekunjwa. Niliona bega linazunguka. Cuiping hakufumba macho safari hii. Na ngumi ilipofika usawa wa taya lake ikafunguka, ikamshika kifundo cha mkono, ikauzungusha mkono ule polepole na kuuteremsha mpaka kifuani kwake, ukakaa hapo juu ya moyo. Mkono wa pili ukaja. Mimi nilijua huo wa pili, ulikuwa daima na ngumi. Ulikuja mtupu, ukaufunika mkono wa mkewe kwa juu.

Hakuna aliyesogea. Kaka alihema hivyo, amemshika, hofu ikimtoka usoni kidogo kidogo, hadi muda mfupi kabla ya saa sita mchana, alipoacha. Ilibidi tumsaidie Cuiping kutoa mkono wake.

Marehemu ameacha mjane, Geng Cuiping. Binti, Qiao Wan, na mkwe, Bai Jingtao. Mjukuu mmoja, Bai Muyang. Dada, mimi Guixiang. Mwalimu wake, Meng Yanqiu. Dada yake mkubwa wa uwanjani, Xing Lili. Pang Lei, ambaye amevaa nguo nyeupe ya msiba kama mtoto wa kumzaa, na hakuna wa kumvua. Na shemeji, wapwa na wanafunzi wengi wa Tianjin na wa ukoo wa Meng.

Kaka, tulia sasa. Hakuna atakayekujia kwa nyuma. Udongo wa Qiaojiawa na ukupokee taratibu, na ukuteremshe kwa amani.